Kuchagua eneo la dampo la mji: mwongozo kwa madiwani, maofisa mazingira na wenyeviti wa mitaa

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki halmashauri ya jiji lao Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi na harufu, wakashinda. Miaka michache baadaye wakazi wa Kunduchi Mtongani nao walikwenda mahakamani kwa jambo lilelile, nao wakashinda. Taka zikapita Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, zikapita Mtoni, hadi zikafika Pugu Kinyamwezi. Kampala, dampo la Kiteezi lililofunguliwa mwaka 1996 liliendelea kupandishwa juu huku nyumba zikijengwa chini yake. Tarehe 10 Agosti 2024 liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Mimi naisoma historia hiyo hivi: swali la "wapi pana nafasi?" likitangulia swali la "maji yanakwenda wapi?", dampo litahama kila baada ya miaka michache, au litakaa mahali litakapodhuru watu. Mwongozo huu unaanza na swali la maji. Nimeuandikia mji wa ukubwa wa kati nchini Tanzania unaotaka kuondoka kwenye shimo la kutupa taka na kujenga dampo la kisasa, kama walivyofanya Dodoma kule Chidaya au Arusha kule Muriet. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta majina ya sheria na ofisi yanabadilika, lakini udongo na maji vina tabia ileile kila mahali.

Hatua ya 1: Jua unahitaji hekta ngapi

Hesabu hii huchukua nusu saa, na bado halmashauri nyingi huipuuza. Chukua idadi ya watu ya sensa ya 2022 kwa kata zote zitakazohudumiwa. Kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Benki ya Dunia ilikadiria wastani wa kilo 0.46 za taka kwa mtu kwa siku. Tumia nusu kilo, kwa sababu mjini watu hutupa zaidi kuliko vijijini.

Tuseme mji una watu 150,000. Hapo una tani 75 kwa siku, sawa na tani 27,000 na ushee kwa mwaka. Taka zilizoshindiliwa vizuri na buldoza hukadiriwa kuwa na tani 0.7 kwa kila mita ya ujazo, hivyo mwaka mmoja unahitaji mita za ujazo karibu 39,000. Ongeza udongo wa kufunikia kila siku, unafika karibu 46,000. Mji ukikua kwa asilimia 4 kwa mwaka, katika miaka 20 utakuwa umezika karibu mita za ujazo milioni 1.4. Kwa kimo cha wastani cha mita 10, hizo ni hekta 14 za taka peke yake. Barabara za ndani, mabwawa ya maji machafu, mizani ya magari, karakana na ukanda wa miti huongeza nusu yake au zaidi. Kwa hiyo usitafute chini ya hekta 20, na ukipata 27 utashukuru baadaye.

Huenda ukaambiwa kwamba magari yaliyopo yanazoa nusu tu ya taka za mji, basi dampo liwe la nusu. Usikubali. Mji ukinunua magari zaidi, dampo litajaa katika nusu ya muda uliopanga.

Hatua ya 2: Futa kwanza, tafuta baadaye

Kosa la kawaida ni kuanza na shamba ambalo mtu amejitolea kuliuza, kisha kutafuta sababu za kulikubali. Geuza mpangilio huo. Chukua ramani ya 1:50,000 ya Wizara ya Ardhi, chora duara la kilomita 20 hadi 25 kuanzia sokoni, halafu anza kufuta kila sehemu isiyofaa. Ofisa mipangomiji anayeijua programu ya QGIS atafanya kazi hii kwenye kompyuta, na programu yenyewe ni ya bure. Asiyeijua atumie penseli nyekundu.

Futa mabonde ya mito na tambarare zote zinazofurika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa, maziwa na ufukwe wa bahari, lakini kwa dampo mita 60 ni chache mno. Mwongozo wa Kundi la Benki ya Dunia unataka mita 300 kutoka kijito cha kudumu kilicho upande wa chini, mita 500 kutoka visima vya kunywa, kunyweshea mifugo au kumwagilia vilivyo upande huohuo, na mita 250 kutoka makazi. Vichukulie hivyo kuwa vima vya chini. Kwa makazi napendekeza kilomita moja, kwa sababu mji wenyewe utalifuata dampo: barabara ikishatengenezwa, viwanja huanza kuuzwa pembeni yake.

Futa vyanzo vya maji vya mamlaka ya mji na maeneo yaliyotangazwa kulindwa na bodi ya maji ya bonde lako. Futa hifadhi za misitu na mapito ya wanyamapori, kisha hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Makaburi na misitu ya matambiko usiyaone kuwa mambo madogo. Kuhamisha makaburi kuna sheria yake tangu 1969, na hakuna sheria itakayorudisha amani ya kijiji ikiwa mtambo umepita juu ya kaburi la babu wa mtu. Pwani ya Kenya, kwa mfano, makaya ya Wamijikenda yamo kwenye urithi wa dunia tangu 2008, na kwa wenyewe yalikuwa matakatifu karne nyingi kabla ya hapo.

Kisha kuna jambo linalosahauliwa hadi dakika ya mwisho: uwanja wa ndege. Dampo huvuta kunguru, mwewe na korongo. Nairobi ilitangaza zamani kwamba dampo lake la Dandora limejaa, lakini mpango wa kuhamia Ruai ulipingwa na mamlaka za anga kwa sababu ndege hao wangekuwa kwenye njia ya ndege zinazotua Jomo Kenyatta. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unataka eneo lolote la taka ndani ya kilomita 13 kutoka kiwanjani lichunguzwe kwa makini. Andika barua kwa mamlaka ya anga sasa, kabla hujalipa hata shilingi ya upimaji.

Ukimaliza kufuta, sehemu nyeupe zitakazobaki kwenye ramani zitakuwa chache. Chagua kati yake tatu hadi tano zenye ukubwa wa kutosha. Usiende na moja. Ukiwa na moja tu umeshampa mwenye shamba nguvu ya kupanga bei, na wananchi wataona wameletewa uamuzi uliokwisha kufanyika.

Hatua ya 3: Nenda wakati wa masika, pamoja na wenyeji

Eneo lililo kavu Agosti linaweza kuwa kinamasi Aprili. Tembelea kila eneo wakati mvua imekolea, uone maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi na yanatokea wapi. Nenda na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mzee aliyezaliwa hapo, mfugaji, na mama anayechota maji. Mfugaji anajua madimbwi ya kiangazi. Mama anajua chemchemi ambazo ramani haizijui.

Waulize maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi, na ya mvua kubwa za miaka ya karibuni yalifika wapi. Piga picha alama wanazokuonyesha na uchukue majira-nukta (namba za mahali) kwa GPS. Rudi ofisini ulinganishe na picha za satelaiti za miaka ya nyuma, ambazo Google Earth inazionyesha bila malipo. Utaona pia kasi ya ujenzi: eneo ambalo mwaka 2010 halikuwa na nyumba hata moja na leo lina arobaini, baada ya miaka kumi litakuwa mtaa kamili.

Tazama mteremko. Unaofaa ni ule wa taratibu, unaokuwezesha kuyaelekeza maji bila kuyasukuma. Makorongo huwashawishi watu kwa kuwa yanaonekana kama mashimo yaliyotayarishwa, lakini korongo ni njia ya maji, na maji yatarudi kudai njia yake siku ya mvua kubwa.

Hatua ya 4: Chimba

Hapa ndipo pesa ya uchunguzi inapaswa kwenda. Taka zikinyeshewa na kuoza hutoa maji meusi yenye chumvi, asidi na wakati mwingine madini mazito. Maji hayo hushuka. Kinachoamua kama yatafika kisimani kwa jirani ni udongo ulioko chini na kina cha maji ya ardhini. Mengine yote unaweza kuyarekebisha kwa fedha: barabara inajengwa, harufu inapunguzwa kwa kufunika taka kila jioni, ukuta unainuliwa. Mwamba wenye nyufa au mchanga unaovuja huwezi kuubadilisha.

Anza kwa jaribio rahisi. Kwa kila eneo chimba mashimo manne au matano ya mita 3 hadi 4, kwa mtambo wa kijiko wa halmashauri au kwa jembe na sululu. Angalia tabaka za udongo ukutani na uzipige picha pamoja na futi ya kupimia. Chukua konzi ya udongo wa chini, uloweshe, uufinyange: ukitengeneza uzi mwembamba kama penseli bila kukatika, una mfinyanzi wa kutosha kuendelea kuutazama. Kisha jaza maji chini ya shimo, subiri udongo ulowe, jaza tena, na upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakitoweka huku mkitazamana, mmepata jibu mapema na kwa bei nafuu. Yakikaa hadi kesho yake, eneo linastahili maabara.

Maabara itakupa kipimo cha kupenyeza maji. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa tabaka la mfinyanzi la chini ya dampo ni mita 0.000000001 kwa sekunde. Kwa lugha ya kawaida, maji yatashuka kama sentimita 3 kwa mwaka. Udongo wa asili ukikaribia hapo, utaokoa fedha nyingi. Usipokaribia, itabidi usombe mfinyanzi kutoka mbali na kutandika plastiki nzito juu yake, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya eneo hilo tangu sasa. Plastiki peke yake juu ya mchanga siiamini. Ikitobolewa na jiwe moja hakuna kinachobaki kuzuia.

Baada ya udongo, maji ya ardhini. Toboa visima vitatu vyembamba visivyokuwa kwenye mstari mmoja, mpimaji achukue kimo cha kila mdomo kutoka alama moja, halafu pima maji yako kina gani katika kila kisima. Toa kina hicho kwenye kimo cha mdomo, upate kimo cha maji. Kwa namba hizo tatu utajua maji ya ardhini yanaelekea upande gani, maana yanatoka penye kimo kikubwa kwenda penye kidogo. Huo ndio upande wa hatari. Orodhesha kila kisima cha watu kilichopo upande huo, kiwe cha shule, cha msikiti au cha mtu binafsi. Rudia kipimo mwishoni mwa masika, maji yanapokuwa juu kabisa. Kati ya sakafu ya dampo na kimo hicho cha juu nataka zisipungue mita 2, na pasipofika hapo, eneo hilo liondoke kwenye orodha hata kama ni la bure.

Ukiwa na fedha kidogo, fanya mashimo ya mkono kwenye maeneo yote na utoboe visima kwenye mawili yanayoongoza. Usiruke hatua hii kwa sababu mwaka wa fedha unakaribia kwisha Juni.

Hatua ya 5: Barabara na upepo

Lori lisilofika dampo masika litamwaga njiani. Pita njia yote kwa gari zito, hesabu madaraja na makalavati, uliza wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, uzito yanayobeba. Angalia kama njia inapita mbele ya shule, zahanati au soko, kwa sababu maji ya taka hudondoka na plastiki hupeperuka. Kila kilomita moja ya ziada ni mafuta ya kila siku kwa miaka 20, lakini usiyape uzito mkubwa kuliko udongo. Mji mkubwa unaweza kujenga kituo cha kupakulia katikati ili malori makubwa machache ndiyo yaende mbali.

Kwa upepo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina takwimu za kituo kilicho karibu. Pwani kuna kusi na kaskazi, kwa hiyo pande mbili zinahitaji kuangaliwa, wala usitegemee harufu uliyoisikia siku moja ya ukaguzi.

Hatua ya 6: Pangeni uzito kabla ya kuona alama

Sasa una maeneo mawili au matatu yaliyo hai. Kaeni pamoja: mhandisi, ofisa mazingira, ofisa ardhi, ofisa afya, mtu wa mamlaka ya maji, na wawakilishi wa kata zinazohusika. Kubalianeni uzito wa kila kigezo kabla ya kufungua ripoti za uchimbaji. Mfano: udongo na maji 35, watu na makazi 25, barabara na umbali 20, gharama ya ardhi na fidia 10, nafasi ya kupanua baadaye 10. Jumla 100. Andikeni, sainini, halafu ndipo mtoe alama.

Mkishamaliza, badilisheni uzito makusudi. Punguzeni udongo hadi 25, ongezeni umbali hadi 30, muone mshindi anabaki yuleyule? Akibaki, mna uamuzi imara wa kuusimamia mbele ya baraza la madiwani. Akibadilika, tofauti ni ndogo, na wananchi wanastahili kuambiwa hivyo. Karatasi hizi zitunzwe. Siku mtu atakapouliza kwa nini kijiji chake na si kile kingine, atapaswa kuonyeshwa.

Hatua ya 7: Watu na ardhi yao

Usisubiri mkutano wa kisheria ili kuongea na wakazi. Wapeleke wajumbe wao kuona dampo linaloendeshwa vizuri na shimo lililoachwa bila mwangalizi. Mtu aliyeona vyote viwili huuliza maswali ya maana: nani atalipa dereva wa buldoza mwaka wa tano, taka za hospitali zitakwenda wapi, tukisikia harufu tumpigie nani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na yabaki kuwa ahadi.

Kama eneo ni ardhi ya kijiji, fuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kuihamisha kwenda ardhi ya jumla kunahitaji tangazo rasmi, na kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Halmashauri ya kijiji haiwezi kuamua peke yake, na sahihi ya mwenyekiti pekee haitoshi, hata ikiwa na muhuri.

Fidia kwa mujibu wa sheria iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Inahesabu thamani ya soko ya ardhi, majengo na mazao, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida aliyoipoteza mtu kwenye biashara yake. Uthamini ufanywe na mthamini aliyesajiliwa na kupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Weka fedha hizo kwenye bajeti kabla mthamini hajaingia shambani. Mkulima aliyezuiwa kupanda mikorosho kwa sababu amethaminiwa, kisha akakaa misimu mitatu bila kulipwa, ameumizwa na mradi ambao bado haujaanza.

Waokotaji wa taka kwenye dampo la zamani nao ni wadau, ingawa hawana hati ya kiwanja. Wahesabu, wasikilize, na mwombe mhandisi atenge sehemu ya kuchambulia chupa na vyuma katika mchoro wa dampo jipya. Watu hao wanapunguza mzigo wa kuzikwa kila siku.

Hatua ya 8: Tathmini ya athari kwa mazingira

Sheria ya 2004 inataka tathmini ikamilike kabla ya mradi kuanza. Sajili mradi kwa mamlaka ya taifa ya mazingira, ambayo wengi tunaijua kwa jina la NEMC, ukitumia mtaalamu aliyesajiliwa. Kutakuwa na uchambuzi wa awali na hadidu za rejea, kisha utafiti wenyewe na mikutano ya wadau. Baada ya hapo wakaguzi watakuja eneoni, ripoti itapitiwa na kamati ya wataalamu, na mwisho cheti chenye masharti. Ukiwa umefanya hatua saba zilizotangulia, sehemu ya njia mbadala katika ripoti, ile ambayo mara nyingi hujazwa maneno matupu, itakuwa na data halisi ya maeneo matatu.

Soma masharti ya cheti mstari kwa mstari ukiwa na mhasibu. Kila sharti lina gharama, na lisilo na kifungu kwenye bajeti halitatekelezwa.

Cheti kikishatoka, kabla lori la kwanza halijaingia, fanya mambo mawili. Weka mawe ya mipaka yakiwa pamoja na ukanda wa angalau mita 250 usiojengwa, na uingize ukanda huo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ili ofisi ya ardhi isipime viwanja ndani yake. Halafu chukua maji kutoka visima vyako vitatu na visima vyote vya majirani vilivyo upande wa chini, uyapeleke maabara, na nakala ya majibu umpe kila mwenye kisima. Rudia kila masika na kila kiangazi, kwa visima vilevile na vipimo vilevile.